Komini Inaponunua Nyumba: Mwongozo wa Kugeuza Majengo ya Watu Binafsi kuwa Makazi ya Jamii Mjini Bujumbura

Makazi ya jamii ni nyumba zinazomilikiwa au kusimamiwa na chombo cha umma na kupangishwa kwa watu ambao kipato chao hakitoshi kulipa kodi ya soko, kodi yenyewe ikipangwa kwa kuangalia uwezo wa mpangaji badala ya faida ya mwenye nyumba. Zinatofautiana na nyumba za bei nafuu, ambazo kwa kawaida hujengwa ili ziuzwe kwa mkopo wa muda mrefu, kama zile ambazo Kenya inazigharimia kwa makato ya asilimia 1.5 ya mshahara chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Mama anayeuza ndagala katika soko la Ruvumera mjini Bujumbura hana hati ya mshahara ya kuipelekea benki, wala fundi wa baiskeli wa Kamenge hawezi kusubiri miaka 20 ili chumba anacholala kiwe chake. Anachohitaji kila mmoja wao ni mlango unaofungwa, maji, choo, na kodi isiyopanda ghafla. Mwongozo huu unamlenga mjumbe wa baraza la komini (ngazi ya serikali za mitaa nchini Burundi), mtumishi wa ofisi ya makazi, na raia anayetaka kujua ni maswali gani amuulize musitanteri wake, yaani msimamizi mkuu wa komini, pale komini inapotangaza kwamba imenunua jengo.

Bujumbura imeijua nyumba ya umma tangu utawala wa Wabelgiji. Shirika lililoitwa Office des Cités Africaines, lililoanzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, ndilo lililojenga nyumba za Ngagara, na wazee wa mji bado huuita mtaa huo Ocaf. Baada ya uhuru zikafuata taasisi za taifa: ECOSAT, iliyotayarisha na kugawa viwanja, FPHU, mfuko uliokopesha fedha za ujenzi, na sasa OBUHA, ofisi ya taifa inayoshughulikia mipango ya miji, makazi na ujenzi. Ukiziangalia kwa pamoja, taasisi za baada ya uhuru zilimfaa zaidi mtu aliyekuwa na uwezo wa kujenga au wa kukopa. Kuchukua nyumba zilizokwisha kujengwa na watu binafsi na kuzipangisha kwa wasio na uwezo huo ni njia ambayo mji huu haujaizoea, ndiyo maana inahitaji kupangwa kwa tahadhari kuliko ujenzi mpya.

Hata hivyo, sababu za kuifikiria njia hiyo ni nzito. Mji umebanwa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na milima ya Mumirwa upande wa mashariki, na ardhi iliyo katikati imekatwa na mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha, ambayo kila msimu wa mvua hula kingo zake na kusogea karibu na nyumba. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu wakazi 497,166, na tangu hapo mji umepanuka hadi kwenye mabonde ya mpunga na miteremko ya vilima. Wakati huohuo, katika mitaa kama Rohero, Kigobe na Kinindo yalijengwa majengo ya ghorofa yaliyowalenga wapangaji wa mashirika ya kimataifa, na mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015 ulipowaondoa wengi wao, ilionekana wazi jinsi mji unavyoweza kuwa na vyumba vitupu upande mmoja na familia ya watu wanane ndani ya aneksi moja, yaani kijumba cha uani, upande wa pili.

Komini ina njia nne za kupata nyumba ya mtu binafsi. Ya kwanza ni kununua kwa makubaliano, kama mnunuzi mwingine yeyote. Ya pili ni kukodi kwa muda mrefu kutoka kwa mwenye nyumba na kumpangishia mhitaji kwa kodi ya chini, tofauti ikilipwa na mfuko wa umma. Jiji la Lisbon lilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2020. Ya tatu ni haki ya kununua kwanza, yaani sheria inayomlazimu anayeuza kuliarifu jiji ili lenyewe, likitaka, lichukue nafasi ya mnunuzi. Paris na Barcelona hutumia haki hiyo, lakini inahitaji sheria mahususi na ofisi inayoweza kujibu ndani ya siku chache, mambo ambayo komini haiwezi kujitungia peke yake. Ya nne ni kutwaa kwa lazima kwa manufaa ya umma. Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 na Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 zinaruhusu utwaaji huo kwa masharti: yawepo kweli manufaa ya umma, utaratibu wa sheria ufuatwe, na fidia ya haki ilipwe kabla mwenye mali hajaondolewa.

Njia hiyo ya nne haifai kwa makazi ya jamii, hata pale inapokuwa halali. Mwaka 1971 Tanzania ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Serikali ikajikuta na maelfu ya vyumba vya ghorofa katikati ya Dar es Salaam, pamoja na mapaa, mabomba na ngazi ambazo kodi ndogo iliyokusanywa haikutosha kuzitengeneza. Uganda, baada ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, iliziweka mali zao chini ya Bodi ya Wadhamini, kisha ikalazimika kutunga sheria ya mwaka 1982 ya kuzirudisha, na mashauri yake yakaendelea mahakamani kwa miongo kadhaa. Burundi nayo ina 1972 yake. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia nchi mwaka huo kwa sababu ya mauaji, mali zao zikakaliwa au kugawiwa wengine, na waliporudi baada ya Makubaliano ya Amani ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, ilifanya kazi kuanzia 2006 hadi 2022 bila kuyamaliza malalamiko yote. Katika nchi yenye kumbukumbu ya namna hiyo, nyumba ya maskini iliyopatikana kwa kumnyang'anya mwingine itabaki ikitazamwa kama nyumba ya ugomvi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote ya bei, ni kuchunguza historia ya mali. Hatimiliki, yaani hati inayotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi na kuandikwa katika daftari la taifa, ndiyo ushahidi wenye nguvu zaidi wa umiliki. Isichanganywe na cheti cha ardhi kinachotolewa na ofisi ya ardhi ya komini, wala na karatasi ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya shefu wa kartiye (mkuu wa mtaa) na mashahidi wawili, ambayo mtaani huheshimiwa lakini mbele ya hakimu huweza kuanguka. Mtumishi anayechunguza asiridhike na jina lililo kwenye hati ya leo. Afuatilie mlolongo wa wamiliki hadi kabla ya mwaka 1972, aulize kiwanja kilitoka kwa nani na kwa sababu gani, na aangalie kama mali hiyo iliwahi kufikishwa CNTB au katika Mahakama Maalumu ya Ardhi na Mali Nyingine. Aulize pia majirani wa muda mrefu, hasa katika mitaa ya zamani kama Buyenzi na Bwiza, kwa kuwa mara nyingi mambo yasiyoandikwa katika daftari yanafahamika vizuri barazani.

Mirathi inadai uangalifu wa pekee. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, na urithi huamuliwa kwa mila kama inavyofasiriwa na mahakama, hivyo nafasi ya binti katika mali ya baba yake hubishaniwa mara kwa mara. Nyumba ikiwa imetoka kwa marehemu, komini idai saini za warithi wote waliotajwa na baraza la familia, wa kike kwa wa kiume, pamoja na saini ya mjane aliye hai, hata kama kaka mkubwa anasisitiza kwamba yeye ndiye msemaji wa wote. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake naye asaini. Akiwa ng'ambo, kama walivyo Warundi wengi waliohamia Ubelgiji, Kanada au Rwanda, anayeuza kwa niaba yake awe na hati ya uwakilishi inayotaja nyumba yenyewe na uwezo wa kuiuza, iliyothibitishwa na ubalozi, na inafaa mwenye mali mwenyewe aulizwe moja kwa moja kama bado anakusudia kuuza. Mwisho, rehani ichunguzwe, maana nyumba iliyowekwa dhamana benki huhama pamoja na deni lake. Baada ya hayo yote mkataba huandikwa mbele ya notari na umiliki kuhamishwa katika daftari. Malipo yasitangulie hatua hiyo, hata kwa sehemu.

Kuna ugumu mwingine unaotokana na umbo la ghorofa lenyewe. Mwenye nyumba ya kawaida ana ardhi, kuta na paa. Mwenye chumba cha ghorofa ana nafasi iliyo kati ya kuta, huku ngazi, paa, tangi la maji, pampu na shimo la maji machafu vikiwa vya wote. Umiliki wa namna hiyo unahitaji sheria inayotenganisha sehemu ya mtu na sehemu ya wote na kuunda chama cha wamiliki chenye haki ya kudai michango. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, Rwanda mwaka 2010, na Kenya iliifanya upya yake mwaka 2020. Mjini Bujumbura majengo mengi ya ghorofa ni ya mtu mmoja au familia moja kwa hati moja ya kiwanja, na komini inayonunua vyumba vitatu kati ya tisa katika jengo la namna hiyo hujiweka katika hali ya mpangaji wa kudumu: haina sauti juu ya paa, na pampu ikiharibika itamsubiri mwenye jengo. Shauri lililo salama ni kununua jengo zima pamoja na kiwanja chake. Pale ambapo fedha haziruhusu, inunue sehemu baada tu ya hati kugawanywa na kanuni za jengo kuandikwa mbele ya notari, zikitaja nani analipia nini na kwa uwiano gani.

Ukaguzi wa mahali na wa jengo haupaswi kumchosha msomaji kwa maelezo marefu, lakini makosa machache hayasameheki. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 inalinda ukanda wa mita 150 kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na tangu mwaka 2018 ziwa limepanda na kuingia ndani ya nyumba za Gatumba na za mitaa ya ufukweni, kwa hiyo jengo lililo ndani ya ukanda huo lisifikiriwe hata likitolewa kwa nusu bei. Lililo ukingoni mwa korongo la Ntahangwa lina hatari ileile kwa sababu nyingine. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa mji, na nyingi kati ya nyumba zilizobomoka zilikuwa za rukarakara, matofali ya udongo yasiyochomwa. Mhandisi asiache kukwangua lipu, kwa kuwa chini ya rangi nzuri huenda kukawa na kuta za aina hiyo zilizobebeshwa ghorofa. Kibali cha ujenzi kilinganishwe na idadi ya ghorofa zilizopo, kama Sheria ya Mipango ya Miji, Makazi na Ujenzi ya mwaka 2016 inavyodai jengo lifuate kibali chake. Mtandao wa majitaka unaoelekea kituo cha kusafishia cha Buterere haufiki mitaa yote, basi ijulikane shimo la jengo lina ukubwa gani na linanyonywa mara ngapi. Kuhusu maji na umeme, kila chumba kiwe na mita yake ya REGIDESO, shirika la taifa la huduma hizo, kwani mita moja kwa familia kumi na mbili ni chanzo cha kelele za kila mwezi ambazo ofisi ya komini haitazimaliza kamwe.

Bei ndiyo mahali ambapo fedha ya umma huvuja kwa urahisi zaidi. Majengo ya mitaa ya juu hutajiwa bei kwa dola, ilhali komini hukusanya na kutumia faranga za Burundi, na Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipoishusha thamani faranga hata bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja, kila aliyekuwa ameahidi kulipa kwa dola aliona deni lake likipanda usiku mmoja. Mkataba uandikwe kwa faranga, na kama unalipwa kwa awamu, kila awamu itajwe kwa kiasi kisichobadilika. Kwa miaka kadhaa kila komini ilipata ruzuku ya serikali kuu ya faranga milioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya miradi ya maendeleo, kiasi ambacho hakinunui majengo mengi ya ghorofa mjini Bujumbura na ambacho shule na vituo vya afya vinakidai pia. Kwa sababu hiyo kukodi kwa muda mrefu, kwa miaka 10 au 15, huenda ndiko kunakofaa kwa hatua za mwanzo. Tathmini ya thamani ifanywe na wathamini wawili wasiofahamiana, na taratibu za Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2018 zifuatwe kwa kutangaza hadharani kwamba komini inatafuta majengo ya aina fulani, ili wenye nyumba ndio washindane. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba ambaye hulipwa kwa asilimia ya mauzo, hana nafasi katika shughuli hii: faida yake huongezeka kadiri bei inavyopanda, na urafiki wake na mtumishi wa ofisi huwa mgumu kuuona kwenye karatasi. Pamoja na bei, itengwe kuanzia siku ya kwanza akaunti ya matengenezo isiyoguswa kwa jambo lingine.

Nani apewe nyumba? Swali hili huzusha chuki kuliko mengine yote, na jibu lake liandikwe kabla jengo halijanunuliwa. Vigezo viwe vichache na vinavyoweza kuthibitishwa: kipato cha kaya, idadi ya watu kwa chumba, ulemavu, uzee, na kupoteza nyumba kwa mafuriko au korongo, kama ilivyowapata wakazi wa Gatumba waliohamia kambi ya Kigaramango baada ya mafuriko ya mwaka 2020. Orodha ya waombaji na alama zao ibandikwe katika ofisi ya zoni, ngazi iliyo chini ya komini, mahali ambapo jirani anaweza kuisoma na kupinga. Kikao cha kugawa kiwe na wajumbe wanaotoka nje ya komini hiyo, na kisihusishe chama chochote cha siasa, kwa kuwa nyumba inayotolewa kwa kadi ya chama itarudishwa kwa kadi ya chama. Wazee na wenye ulemavu wapewe vyumba vya chini.

Kodi iwekwe kwa sehemu ya kipato, na wengi huchukua theluthi moja kuwa ukomo, ingawa kwa familia inayotumia sehemu kubwa ya fedha zake kununua chakula hata theluthi ni nyingi, na robo ingekuwa haki zaidi. Mtu anayepata fedha kwa siku hulipa vizuri kwa juma kuliko kwa mwezi, na malipo ya simu kama Lumicash yanaruhusu viwango vidogo bila mkusanyaji wa kodi kuzunguka milangoni na begi la fedha. Lakini kodi ya namna hii haitoshi kulipia bei ya ununuzi, na baraza linaloahidi kwamba jengo litajilipa lenyewe linajidanganya. Uwezekano wa mpangaji kununua chumba chake ufungwe kabisa katika kanuni. Uingereza iliwaruhusu wapangaji wa halmashauri kununua nyumba zao kwa punguzo kupitia sheria ya mwaka 1980, na miaka 40 baadaye halmashauri za London zikawa zinapewa fedha za umma ili zizinunue tena nyumba zilezile kwa bei ya soko.

Jambo moja la kiutawala husahaulika. Mwaka 2014 komini 13 za mji ziliunganishwa kuwa 3, yaani Muha, Mukaza na Ntahangwa, na mageuzi yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2025 yakapunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42. Mkataba wa kukodi kwa miaka 15 unaweza kuishi kuliko komini iliyousaini. Uandikwe, basi, kwamba haki na wajibu wote vinahamia kwa chombo kitakachorithi eneo hilo, na jengo liingizwe katika daftari la mali za komini likiwa na namba ya hati, picha, na orodha ya wapangaji, nakala moja ikibaki OBUHA.

Wapo, mwishowe, watu ambao karibu kila jengo linalouzwa huwa nao na ambao mikataba mingi haiwataji: wapangaji wanaoishi humo siku ya mauzo, wakiwemo walinzi na wafanyakazi wa nyumbani waliojibanza katika aneksi za nyuma. Komini inayowaondoa ili kuingiza familia nyingine haijaongeza nyumba hata moja mjini. Wahesabiwe kabla ya saini, wapimwe kwa vigezo vilevile vya kipato, wanaostahili wabaki kwa kodi mpya, na wasiostahili wapewe muda wa maandishi wa kutafuta mahali pengine. Mjumbe wa baraza ambaye hajaiona orodha hiyo asipige kura ya kuidhinisha ununuzi.